Ukikuta Mfupa Pangoni, Uache Hapo Hapo

Katika vilima vya Dzitsoni, kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini, liko pango la mawe ya chokaa liitwalo Panga ya Saidi. Ndani ya pango hilo, yapata miaka 78,000 iliyopita, watu walimzika mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu hivi. Walichimba shimo dogo, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, wakayakunja magoti yake kuelekea kifuani, kisha wakamfukia. Katika Afrika nzima halijapatikana bado kaburi la binadamu wa aina yetu lililo la kale kuliko hilo. Watafiti walimwita Mtoto, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na kwa jina hilo dunia ilimfahamu habari zake zilipochapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021.

Naomba tukae na Mtoto kidogo, maana namna alivyopatikana ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Waakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka ng'ambo walianza kuchimba pale mwaka 2010. Mwaka 2013 vikajitokeza vipande vya kwanza vya mifupa. Shimo lenyewe halikufunuliwa lote hadi 2017, karibu mita tatu chini ya sakafu ya pango. Kufikia hapo mifupa ilikuwa imelika mno hata ikiguswa inageuka unga. Basi hawakuichomoa. Walilikata donge zima la udongo likiwa na kila kilichomo, wakalivika plasta, wakalipeleka Nairobi, na baadaye Burgos, Hispania, ambako María Martinón-Torres na wenzake walilifungua taratibu, punje kwa punje. Walipolibeba hawakuwa hata na hakika kwamba ndani mna binadamu. Meno ndiyo yaliyowapa dalili ya kwanza.

Sasa sikiliza walichokuja kukisoma. Jinsi fuvu lilivyoinama na pingili za shingo zilivyokaa zilionyesha kwamba kichwa kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye: mto. Mabega na mbavu zilivyobanana zilionyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imevingirishwa ndani ya kitu, labda majani makubwa au ngozi: sanda. Udongo wa ndani ya shimo ulipolinganishwa na ule wa kando ukathibitisha kwamba shimo lilichimbwa na kufukiwa kwa mikono ya watu. Mto wenyewe haupo. Sanda haipo. Tunajua vilikuwepo kwa sababu moja tu, kwamba kila mfupa ulikutwa pale pale ulipoachwa.

Mtu alimwekea mtoto wake mto. Mzazi aliyewahi kuzika hahitaji kufafanuliwa.

Fikiria basi kama pale angetangulia mtu mwenye jembe, anatafuta mbolea ya popo au mali iliyofichwa. Angeona vumbi jeupe kwenye ncha ya jembe, pengine na jino, akaendelea kuchimba. Asingekuwa mtu mbaya. Angekuwa amefanya tu anachofanya mtu asiyeambiwa. Ndiyo maana nakuandikia wewe unayeishi karibu na pango, unayechunga mbuzi kando ya pango, unayevunja mawe, unayeongoza wageni, unayefundisha darasa la nne umbali wa nusu saa kutoka kwenye mdomo wa pango. Nakuomba jambo moja: ukikuta kitu cha kale ndani yake, kiache hapo hapo, kisha sema.

Kwamba hasara hii ni ya kweli tuliiona huko Kabwe, Zambia. Mwaka 1921 wachimbaji wa risasi na zinki walikuta fuvu la binadamu wa kale ndani ya kilima walichokuwa wakikila kwa sululu na baruti. Ni fuvu zuri ajabu, limekamilika uso mzima, lina matuta makubwa juu ya macho. Liliwahi kuwa habari kubwa duniani. Lakini kilima kiliendelea kuchimbwa hadi kikaisha, pango likaenda nacho, na hakuna aliyekuwa ameandika vizuri fuvu lilikuwa tabaka gani, limelalia nini, limefunikwa na nini. Kwa hiyo kwa takriban miaka mia moja wataalamu walibaki kukisia umri wake. Wapo waliolipa miaka nusu milioni. Ni mwaka 2020 tu ndipo vipimo vipya vilipotoa jibu la karibu miaka 299,000, na hata hapo maswali mengi hayana tena mahali pa kuulizwa, maana mahali penyewe hapapo. Fuvu lilipelekwa London na mpaka leo liko huko, Zambia ikilidai. Natamani lirudi. Lakini hata likirudi kesho, pango lake halitarudi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kung'oa kitu cha kale kutoka udongoni mwake ni sawa na kuichana barua ya babu ili ubaki na stempu.

Baadhi yenu mtasema mambo haya ni ya maprofesa. Hapana. Ukipitia habari za mapango mashuhuri duniani utakuta aliyefika kwanza mara nyingi alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na kilichoamua mambo ni alichofanya siku ile.

Mwaka 1879, huko Altamira, kaskazini mwa Hispania, María, binti wa miaka minane, aliingia pangoni na baba yake, Marcelino Sanz de Sautuola. Baba alikuwa ameinama anatazama sakafu. Mtoto akatazama juu, akaona nyati waliochorwa darini kwa rangi nyekundu na nyeusi. Wataalamu wa wakati ule walikataa kuamini kwamba watu wa kale waliweza kuchora hivyo, na Sautuola alifariki mwaka 1888 akiwa bado anashukiwa kwa ulaghai. Mwaka 1902 mmoja wa wakosoaji wake wakubwa, Émile Cartailhac, alikiri hadharani kwamba walikosea. Namkumbuka sana yule binti kila ninaposikia mtoto wa shule akiambiwa anyamaze, aache kusimulia alichokiona porini.

Kisha Lascaux, Ufaransa, Septemba 1940, vita vikiwa vimepamba moto. Vijana wanne waliteremka kwenye shimo msituni wakakuta kuta zimejaa fahali, farasi na paa waliochorwa zaidi ya miaka 15,000 kabla yao. Walifanya nini? Walimwambia mwalimu wao, Léon Laval. Mwalimu akawasihi wasiruhusu mtu kugusa chochote. Mmoja wao, Jacques Marsal, mwenye miaka 14, alipiga hema mlangoni akalinda. Yeye na mwenzake Marcel Ravidat waliendelea kulihudumia pango hilo miaka mingi baadaye wakiwa waongozaji wake.

Vijana walilinda vizuri, lakini wakubwa hawakulinda vizuri hivyo. Pango lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, watu wakamiminika, na pumzi zao, jasho lao na taa zikaanza kuotesha kuvu na mwani juu ya picha. Mwaka 1963 serikali ililazimika kulifunga. Leo wageni wanaonyeshwa nakala iliyojengwa pembeni. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: sisemi mapango yageuzwe haraka kuwa vivutio vya utalii na kila kitu kitakuwa shwari. Fedha za wageni zinasaidia kijiji, nazitaka, ila ziingie kwa kipimo ambacho pango linakiweza.

Waliojifunza kutokana na Lascaux ni wale watatu waliogundua pango la Chauvet, Ufaransa hiyo hiyo, Desemba 1994. Walipobaini kwamba wamesimama mbele ya simba na vifaru waliochorwa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, walitandika plastiki chini ili wapite juu yake tu, wasikanyage sakafu. Kwa uangalifu huo, nyayo za dubu wa kale na hata za mtoto wa binadamu zilibaki udongoni. Na Afrika Kusini, mwaka 2013, wapenzi wawili wa kutembea mapangoni, Rick Hunter na Steven Tucker, walipenya ufa mwembamba wa sentimita 18 hivi katika pango la Rising Star wakakuta chumba kilichotapakaa mifupa. Hawakubeba hata mmoja. Walipiga picha, wakaenda kumwonyesha mwanasayansi. Kutoka chumba kile vilitolewa vipande zaidi ya 1,500 vya mifupa ya jamii ya viumbe waliokuwa hawajulikani, waliopewa jina la Homo naledi. Kila kimoja kiliandikwa kilipokuwa kabla ya kunyanyuliwa.

Hata usidharau kipande kidogo. Katika pango la Denisova, Siberia, kimfupa cha ncha ya kidole kilichopatikana mwaka 2008 kilitosha kuonyesha, kwa uchunguzi wa vinasaba, kwamba kulikuwa na watu wa jamii nyingine kabisa ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria. Na tangu 2017 wataalamu wameonyesha kwamba vinasaba vya watu wa kale vinaweza kutolewa kwenye udongo mtupu wa pango, bila mfupa wowote. Udongo wenyewe, ule tunaouzoa kwa beleshi.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo penye kazi.

Panga ya Saidi si kaburi moja tu. Matabaka yake yanaonyesha watu wakiishi na kurudi pale kwa takriban miaka 78,000: shanga za maganda ya kombe na ya mayai ya mbuni, mawe yaliyochongwa, vipande vya ngeu. Pwani hii ilikuwa nyumbani kwa watu muda mrefu kabla ya jahazi la kwanza kutweka tanga. Huko Unguja, kusini mashariki karibu na Jambiani, pango la Kuumbi limetoa mifupa ya pundamilia na nyati. Ndiyo, pundamilia Unguja. Karibu miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeteremka na kisiwa kilikuwa kimeungana na bara; wanyama wa mbugani walifika, na wawindaji nao. Mtoto wa Makunduchi au Paje anayekwenda shule anapaswa kujua hilo kabla hajajua majina ya wafalme wa Ulaya.

Huko Kondoa, Tanzania, miamba na mapango zaidi ya 150 yana michoro ya watu na wanyama, kiasi kwamba UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili kwa mkono, na alipochapisha kitabu chake mwaka 1983 alikipa jina linaloitaja sanaa hiyo kuwa inatoweka. Hakukosea. Wapo wanaomwagia michoro maji ili ing'ae kwenye kamera. Wapo wanaoandika majina yao na ya wapenzi wao juu yake kwa mkaa. Na kuna uvumi ule unaozunguka nchi nzima, kwamba Wajerumani walipokimbia waliacha mali imefichwa chini ya miamba. Uvumi huo umepeleka watu wenye sululu mahali ambapo hazina pekee iliyokuwepo ilikuwa yale yale matabaka waliyoyavuruga. Ndugu zangu mnaochimba usiku, nawaomba kwa upendo: mnakivunja kitu cha thamani mkikitafuta kisichokuwepo.

Niseme neno kwa heshima kwa wazee wetu. Kuumbi kuna mzimu. Watu hupeleka nadhiri zao. Amboni, Tanga, vilevile. Mungomi wa Kolo, Kondoa, Warangi bado wanafanya matambiko yao. Panga ya Saidi ni mahali patakatifu kwa Wamijikenda wa pale. Kuna wasomi waliowahi kuyaona mambo haya kuwa kero. Mimi naamini kinyume chake: heshima ya wazee ililinda mapango haya karne nyingi kabla hakujawa na sheria yoyote iliyoandikwa, na bila heshima hiyo huenda Mtoto asingesubiri salama hadi 2017. Kwa hiyo mtafiti akifika, aanze kwa wazee. Akimaliza, arudi kijijini aeleze alichokipata, kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyeji, chini ya mwembe, si katika jarida la ng'ambo peke yake. Nanyi wazee, tunawaomba muwaambie vijana sababu za kuheshimu pango, msiishie kuwatisha. Kijana aliyekwenda shule siku hizi akiambiwa tu kwamba kuna shetani, huenda akaingia kwa makusudi ili athibitishe hayupo.

Kwa wenye machimbo ya mawe ya chokaa na viwanda vya saruji, na kwa maofisa wanaotoa vibali: mawe yale yale yanayotufaa kujengea ndiyo yanayohifadhi mifupa, kwa sababu chokaa hupunguza ukali wa asidi unaoila mifupa kwingine. Sehemu kubwa ya ardhi ya Afrika huitafuna mifupa ikaisha. Mapango ya chokaa ni miongoni mwa mahali pachache panapoibakiza. Tathmini ya athari kwa mazingira isiwe ya miti na maji peke yake. Mtaalamu wa mambo ya kale aingie kwanza atazame, kisha baruti. Saruji tunaihitaji, sikatai, na nyumba yangu nimeijengea hiyo hiyo. Kilichotokea Kabwe kilitokea kwa sababu hakuna aliyesimamisha kazi kwa wiki chache.

Walimu, ninyi ndio ninaowategemea zaidi. Léon Laval hakuwa mwakiolojia. Alikuwa mwalimu wa kijiji ambaye wanafunzi wake waliona ni salama kumwambia. Kila shule iliyo karibu na pango iwe na mtu wa namna hiyo. Ila msiwapeleke watoto ndani kiholela. Kwenye mapango yenye popo wengi kuna hatari isiyoonekana: pango la Kitum katika mlima Elgon lilihusishwa na wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, mwaka 1980 na 1987, na wote wawili walifariki. Yapo pia mashimo ya ghafla na mawe yanayoporomoka. Somo linaweza kufundishwa mlangoni, penye mwanga, pamoja na mzee anayelijua pango lile.

Na wewe uliye mbali, Muscat au London au Toronto, unayerudi likizo na kupelekwa kuona pango la kwenu: usirudi na ukumbusho mfukoni. Kigae, shanga, jino, ganda la kombe, hata kijiwe kilichokatika kutoka kwenye nguzo ya chokaa, kikitoka pale kimekuwa bubu.

Mwisho niseme la kufanya, kwa sababu wengi huniambia wangependa kusaidia ila hawajui waanzie wapi. Ukikuta mfupa, kigae, mchoro au jiwe lililochongwa, usichimbe zaidi ili uone kinachoendelea. Kama kiko wazi na mvua inakinyeshea au mbuzi wanapita, kizungushie matawi ya miti au mawe bila kukisogeza. Piga picha ya karibu ukiweka sarafu pembeni, ili ukubwa ujulikane, kisha piga nyingine ukiwa mbali kidogo inayoonyesha pango lenyewe. Usiisambaze mitandaoni kabla wahusika hawajafika, maana picha ikisambaa leo, kesho wafukuaji wako pale.

Kisha sema. Nchini Kenya sheria ya makumbusho na urithi wa taifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale aiarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Anza na chifu wako kama makumbusho iko mbali. Tanzania Bara, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya, ujumbe ufike Idara ya Mambo ya Kale. Zanzibar, sheha wako ndiye mlango wa kwanza. Andika kwenye karatasi jina la kijiji, jina la pango kama wenyeji wanavyoliita, siku uliyokiona, umbali wake kutoka mlangoni na upande wa ukuta kilipo, na nani alikuwa nawe. Tia sahihi, baki na nakala, na ikipita wiki mbili bila mtu kuja, rudi tena uulize.